Nta ya Mbeere, Mafuta ya Majengo

Mama mkwe wangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, ugonjwa wake ulikuwa wa koo, lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa midomo. Alikuwa akipumua kwa kinywa usiku na mchana. Kibirichia ni mahali pa upepo mkavu, unaoshuka kutoka mlimani na kupita juu ya mashamba ya viazi bila kitu cha kuuzuia. Watoto wa huko huenda shule mashavu yamepasuka. Mtu mwenye afya hulamba midomo yake akaendelea na kazi. Mgonjwa ambaye hata mate ya kumeza hana hawezi. Midomo ya mama ilikauka, ikabanduka ngozi, kisha mdomo wa chini ukapasuka katikati. Kila alipofungua kinywa apewe uji kwa kijiko, ufa ule ulifunguka na damu ikatoka.

Mafuta ya mgando ya dukani aliyakataa siku ya kwanza. Alisema yananuka kama taa ya koroboi, na kweli alipoyalamba alitapika. Tulijaribu glisirini ikamchoma. Daktari alikuwa amemwambia mume wangu, ambaye ni kifungua mimba wa mama, kwamba hakuna lililobaki isipokuwa kumtunza. Mimi nilikuwa mwalimu na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kazi ya kumtunza ikawa yangu, pamoja na shangazi, yaani dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, aliyehamia chumba cha mgonjwa na blanketi lake bila kuombwa na mtu.

Lazima nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo habari ya midomo ingekuwa habari ya ugonjwa tu.

Mama alikuwa na binti mmoja, anayemfuata mume wangu. Binti huyo, ambaye kwangu ni wifi, alikuwa ameolewa Majengo, mjini Meru, na mwenye bucha, na akawa Mwislamu kama mumewe. Baba yake, mzee wa kanisa, alimwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Hakukanyaga. Hata baba alipofariki hakuonekana mazikoni. Baadaye watu walisema alifika hadi sokoni Kibirichia, akashuka, akasimama kando ya barabara akiwa amejitanda shuka lake, kisha akapanda gari lililokuwa likirudi. Lakini hayo yalisemwa baadaye. Siku yenyewe tuliloliona ni kwamba hayupo.

Mimi nilikuwepo kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kurudishwa. Mama alitazama umati, akawapita wanawe mmoja mmoja kwa macho, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliokuwa nje ya ua: "Na yeye asizikwe na mtoto aliyemzaa."

Wifi ana mtoto mmoja tu, wa kiume.

Wanawake walijifunika nyuso. Mchungaji alianza wimbo kabla ya wakati wake. Hakuna aliyerudia maneno yale, na bado kabla Jumapili haijafika Majengo yote ilikuwa imeyasikia.

Mimi ni mtu wa Mbeere, upande wa Embu kwenye joto na miti ya miiba, na kwetu pia neno la mzazi ni zito. Wameru huliita kirumi, laana ya mzazi. Mzazi akishalitamka, mdomo ulioufunga mlango ndio pekee unaoweza kuufungua. Humwita mtoto, hupiga funda la maziwa au maji, humpulizia viganjani, na kulitamka neno lingine kinyume cha lile la kwanza. Akifa kabla ya kufanya hivyo, neno hubaki lilipo, na hakuna ndugu wala kasisi anayeweza kulifikia. Nyumba ile ilikuwa ya Kikristo. Biblia ilikaa mezani, na jioni tuliimba. Lakini sikuwahi kumsikia yeyote mle ndani akilicheka jambo hilo.

Mama alitaka kulifungua. Alimwambia shangazi siku ya tatu au ya nne baada ya kutoka hospitali, nami nilikuwa nikikunja mashuka. Sauti yake ilikuwa kama majani makavu yakikanyagwa.

"Niitie yule wa Majengo."

Shangazi alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akamgusa mdomo, akakiangalia, akamwonyesha. Kilikuwa na doa jekundu.

"Kwa mdomo huu?" akasema. "Utampulizia damu?"

Mama akageuza uso ukutani.

Shangazi alinieleza nje, tukichambua mboga. Mate ya baraka lazima yawe safi. Maziwa yakitoka mdomoni yakiwa na damu, alisema, hayafungui kitu, yanafunga mara ya pili. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akaniambia, "Na wewe ulijifunza wapi kwamba moto unachoma?"

Wiki ile mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwombea mgonjwa. Alikuwa amesikia kinachomsumbua. Aliomba kwa upole, kisha akamwambia mama asiwe na wasiwasi, kwa kuwa alikwisha kutubu maneno yale na Mungu amemsamehe.

"Mimi amenisamehe," mama akasema. Alipumzika kidogo ili apate pumzi. "Na yeye, nani amemfungua?"

Yule mzee alishika kofia yake kwa muda, akaizungusha, akasema ataendelea kuomba.

Basi ikawa hivi: mama alikuwa anakwisha, kila mtu aliliona hilo, na mdomo ulitakiwa upone kabla yeye hajakwisha.

Kwetu Mbeere tulikuwa na dawa ya midomo. Baba yangu alitundika mizinga ya magogo juu ya miti ya migaa, na asali ilipovunwa wanaume walichukua asali. Nta iliachwa kwa wanawake, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Mama yangu aliyachemsha masega matupu katika sufuria yenye maji, akayakamua ndani ya gunia kuukuu, akaacha maji yapoe. Nta ilielea juu ikaganda kama kifuniko cha rangi ya manjano. Upande wa chini aliukwangua kwa kisu, kwa sababu huko ndiko uchafu wote hukaa, miguu ya nyuki na majivu. Kisha alikaanga mbegu za nyonyo, akazitwanga, akazichemsha na kuyaengua mafuta kwa kijiko cha mti. Nta aliiyeyusha katika kopo lililotumbukizwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta ikiungua hunuka na kuwasha ngozi. Akatia mafuta. Kijiko kimoja cha nta, vijiko viwili vya mafuta. Tulijipaka sisi wachunga mbuzi tukienda porini, na midomo yetu haikupasuka hata wakati wa kiangazi.

Nilikuwa na kipande cha nta na chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo, nilivyovileta nilipotoka kuwasalimu wazazi. Nilimwambia shangazi ninachotaka kufanya.

"Asali?" akauliza.

"Si asali, ni nta."

"Nyinyi watu wa Mbeere. Nyuki wangeota shambani mngeacha kulima kitu kingine."

Lakini alinisogezea jiko.

Nilifanya kila kitu kama nilivyomwona mama yangu akifanya. Niliyeyusha polepole, nikakoroga kwa kijiti kisafi, nikamimina katika kopo dogo la dawa nililolichemsha kwanza. Chumba kilinuka vizuri, harufu ya moshi na maua, na mama akafungua macho.

"Hiyo ni nyonyo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tulipokuwa wasichana misheni tuliambiwa tusiingie kanisani tukiwa tumejipaka hayo. Tuliambiwa ni ya wasiomjua Mungu." Upande mmoja wa kinywa chake ulijaribu kucheka ukashindwa. "Sasa mkwe wangu ananipaka nikiwa karibu kumwona."

Asubuhi yake nilitumbukiza kidole katika kopo, na kidole hakikuingia. Dawa ilikuwa imekuwa ngumu. Nilikwangua kidogo kwa ukucha, nikaisugua kati ya vidole ilainike, nikampaka. Niliona nimefanikiwa. Lakini ilipofika kwenye ufa ilishika ngozi badala ya kuteleza, na nilipoondoa kidole iliubandua ule utando mwembamba uliokuwa umeanza kuota. Damu ilitoka zaidi kuliko siku zote.

Mama hakulia. Alingoja hadi nilipomaliza kumfuta.

"Umenipaka mshumaa," akasema. "Basi uwashe, tuone njia."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, kwa sababu mgonjwa ndiye aliyetoa ruhusa. Lakini nilipotoka nje na lile kopo nilijua tumerudi nyuma na siku hazikuwa zikirudi nyuma pamoja nasi.

Nililiweka kopo juu ya jiwe karibu na mlango nikalitazama. Nyasi zilikuwa bado na umande uliokaribia kuwa barafu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kipimo cha mama yangu kilikuwa kipimo cha Mbeere. Kule dawa lazima iwe na nta nyingi, la sivyo saa nne asubuhi itakuwa imekuwa maji ndani ya mfuko wa mtoto. Huku Kibirichia, dawa ileile ni jiwe. Nilikuwa nimeishi mlimani miaka mingi, nikajifunza kupanda viazi na kuvaa sweta mbili, na bado mkono wangu ulipima kama uko nyumbani kwetu.

Niliiyeyusha tena nikaongeza mafuta yote yaliyobaki katika chupa. Ililainika kidogo, haikutosha. Na nyonyo hazikupatikana karibu, kwa kuwa baridi ile haizipendi. Kutuma Mbeere na kungoja zitwangwe kungechukua muda ambao hatukuwa nao.

"Sisi hatukuwa na nyonyo," shangazi akasema nilipomweleza. "Tulikuwa na kondoo. Mafuta ya mkia. Hayo hata baridi iwe vipi hayawi jiwe."

"Kondoo wako kila shamba hapa."

"Hawa?" Alionyesha kwa kidevu kondoo wa jirani waliokuwa wakila mabua. "Hawa ni wa sufu. Mikia walikatwa wakiwa wachanga, na hata wangeachiwa hakuna kitu ndani yake. Nataka kondoo wa Isiolo, wale wenye kichwa cheusi, mkia mnene kama mto wa kulalia."

"Nitawapata wapi?"

Shangazi aliendelea kuchambua mboga. "Huchinjwa Majengo," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Nenda, ununue mafuta. Mengine usiyaseme. Ukimwahidi baraka na mdomo ukakataa, utakuwa umemuua mara mbili."

Nilishuka mjini kesho yake. Majengo niliifahamu kwa kupita tu: msikiti, vyumba vya kupanga vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, wanawake wakiuza mahamri milangoni, na safu ya bucha. Nilikuwa nimejiambia nitaingia bucha yoyote. Miguu ilinipeleka kwenye ile ya mume wake.

Wifi mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma ya meza, mumewe amekwenda kuswali. Alikuwa amejifunga ushungi wa kijani, na uso ulikuwa wa mama kabisa, kabla ya ugonjwa. Hatukuwa tumeonana tangu kabla ya mazishi.

"Wifi," nikasema.

"Wifi. Umekuja kununua nyama au kuona kama nimezeeka?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo."

"Ya kupikia?"

"Ya midomo ya mama."

Aliweka kisu mezani. Hakuuliza mama anaendeleaje. Nadhani alikwisha kujua, kama Majengo ilivyojua kila kitu. Aliuliza, "Anaongea?"

"Kidogo."

"Anasema nini?"

"Anasema midomo inauma."

"Midomo ile," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira wala kicheko.

Alichukua mkia uliokuwa umetundikwa, akaugeuza, akaurudisha, akaenda ndani akaja na mwingine mkubwa zaidi. Alianza kuukata vipande vidogo kwa ajili yangu, polepole, akitupa kila kilichokuwa na mshipa.

"Kondoo huyu ameletwa na mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Ndiye anayeendesha lori sasa. Anakwenda mbali, huko juu, Marsabit na kupita. Siku ya kurudi ikipita hajafika, silali. Mume wangu huniambia barabara ni mbaya, magari huharibika. Namwambia ndiyo, ni barabara." Alifuta kisu kwa kitambaa. "Lakini si barabara, wifi. Wewe ulikuwepo. Uliyasikia."

"Niliyasikia."

"Aliyasema kweli hivyo walivyoniambia? Au waliongeza?"

Nilitamani kumwambia waliongeza. Nilimwambia, "Hawakuongeza."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Nilikumbuka agizo la shangazi. Lile neno lingine lilikuwa mdomoni mwangu, kwamba mama anataka kulifungua, kwamba tunachongoja ni ngozi tu iote. Nililimeza. Sijui kama kuna kitu kigumu zaidi nilichowahi kubeba kutoka mjini hadi Kibirichia kuliko hicho. Nilipofungua pochi aliniambia niifunge.

Jioni hiyo niliyachemsha mafuta pamoja na maji kidogo na majani ya mlimao ili kuua harufu. Nikayachuja katika kitambaa, nikaacha yapoe, nikamwaga maji yaliyobaki chini. Yalikuwa meupe na laini. Safari hii nilipima kwa hofu: kijiko kimoja cha nta, vinne vya mafuta ya mkia. Sikuamini mkono wangu tena. Kabla ya kumimina nilidondosha tone juu ya lile jiwe la mlangoni na kungoja ligande. Likateleza chini ya kidole. Nikamimina.

Mama aliisikia harufu kabla sijamgusa.

"Kondoo."

"Ndiyo, mama."

"Si wa hapa."

"Ni wa Isiolo."

"Wewe hujaenda Isiolo." Macho yake yalinishika. Ugonjwa ulikuwa umechukua sauti na nyama ya mwili, lakini macho uliyaacha. "Nani alikata?"

Shangazi aligeuka akawa anapanga vikombe vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

"Binti yako," nikasema.

Alifumba macho. Nilifikiri atanikatalia, nikaanza kulifunika kopo.

"Paka," akasema. Nikampaka. Dawa ilipita juu ya ufa bila kuushika. "Ongeza. Mafuta hayo hayakununuliwa, usiyabanie."

Sikuwa nimemwambia kwamba hayakununuliwa.

Kuanzia hapo nilimpaka kila alipoamka na kila alipomaliza kunywa. Kwanza magamba yalilainika yakatoka yenyewe. Kisha pembe za kinywa zikafunga. Ufa wa katikati ndio uliochelewa. Kila asubuhi shangazi alikuja na kitambaa chake cheupe, akaukandamiza mdomo, akakipeleka dirishani kwenye mwanga kama hakimu anayesoma ushahidi. Doa lilipungua. Likawa la waridi. Lakini mama naye alipungua. Uji aliokuwa akinywa kikombe sasa alikunywa vijiko. Alianza kufanya mazoezi bila kuambiwa: alikusanya midomo mbele, kama mtoto anayejifunza kupiga mluzi, akaiachia, akakusanya tena. Mume wangu aliingia siku moja akamkuta katika hali hiyo, akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Asubuhi moja kitambaa kilirudi cheupe.

"Mwiteni," mama akasema, kabla shangazi hajasema neno.

Mume wangu alikwenda mwenyewe. Hakuwa ameingia nyumba ya dada yake tangu aolewe, na sikumwuliza walisemezana nini. Walifika mchana. Niliwaona kupitia dirisha: gari limesimama, mume wangu ameshuka, na wifi amesimama nje ya lango, mkono juu ya mti wa lango, haingii.

Shangazi alitoka. Alitembea hadi langoni, taratibu, kwa miguu yake mibaya.

"Unangoja nini?"

"Baba alinikataza."

"Baba yako ni kaka yangu, namjua kuliko wewe. Yuko pale nyuma ya migomba, amelala, na hata alipokuwa hai mchana alikuwa haoni vizuri. Ingia."

Akaingia.

Mama alikuwa ameinuliwa na mito. Nilikuwa nimempaka dawa muda mfupi kabla, kidogo tu, ili midomo isiteleze sana. Wifi alipiga magoti kando ya kitanda. Hawakusalimiana. Walitazamana kwa muda mrefu, na kama kuna salamu ndani ya kutazamana, ilikuwa hiyo.

Shangazi alimpa mama funda la maziwa. Nilishika kichwa chake kwa nyuma. Nilihisi shingo yote ikijitahidi kuyazuia maziwa yasirudi kooni, kwa sababu kumeza kungemfanya akohoe, na kikohozi kingepasua kila kitu. Aliikusanya midomo. Wifi aliinua viganja vyake viwili, vikiwa vimeshikana.

Mama akapuliza.

Haikuwa nyunyizo kubwa. Matone machache yalitoka, mengine yakamwangukia kifuani mwenyewe. Alipumzika. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata sisi tuliokuwa pale tulilazimika kuinama ili tuisikie:

"Neno nililolisema kaburini nimelitema. Uzikwe na mwanao. Uzeeke kwanza, akuzike ukiwa umezeeka."

"Hebu nione," shangazi akasema upesi, akinyoosha mkono kuelekea viganja.

Lakini wifi alikuwa amekwisha kujipaka. Usoni, kisha shingoni, kisha kifuani juu ya nguo, haraka, kama anayenawa. Alipofungua mikono, ilikuwa tu mikono ya mwanamke, imelowa kidogo.

Shangazi alisimama pale mkono ukiwa bado umenyooshwa. Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimemtazama mama, si viganja, na mdomo wake uling'aa kwa mafuta na maziwa. Ufa wa katikati ulikuwapo, umelowa, na katika mwanga ule wa dirisha moja sikuweza kusema umelowa kwa nini.

"Nipake," mama akamwambia binti yake. "Kopo liko hapo. Kazi ya mdomo imekwisha lakini bado unauma."

Wifi alifungua kopo, akanusa, akatambua. Akampaka kwa kidole cha shahada, akianza pembeni kama ninavyofanya mimi, ingawa hakuna aliyemfundisha. Hakurudi Majengo siku ile wala iliyofuata. Yeye ndiye aliyempaka hadi mwisho, ambao haukuwa mbali. Mazikoni alisimama upande wa wanawake wa nyumba, ushungi wake ukiwa mweusi, na hakuna aliyemwuliza swali. Mwanawe alikuja na lori tupu, akalisimamisha mbali kwa heshima, akachukua koleo pamoja na wajomba zake.

Miezi kadhaa baadaye nilimpeleka shangazi kwake, upande wa Kianjai, baada ya kuzuru kwetu. Tulikuwa tumeketi ukumbini mwake tukinywa chai. Akauliza, ingawa hatukuwa tukiongea habari hiyo:

"Wewe uliona?"

Nilijua anauliza nini. "Sikuona."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa namtazama mama."

Alizungusha kikombe chake, akanywa, akakiweka chini.

"Nami sikuona," akasema. "Na mimi na wewe ndio tuliokuwa mashahidi. Mashahidi wasipoona damu, hakukuwa na damu. Ukiulizwa, sema hivyo."

Sijaulizwa. Aliyeviona viganja vile ni mmoja tu, na tangu siku ile tumekaa pamoja mara nyingi, tukapika, tukazika wengine, tukacheka. Hajawahi kuniambia alichokiona, nami, ambaye huuliza kila kitu, hilo sijamwuliza.